Madhabahu Kando ya Yordani: Tunaposikia Habari Mbaya ya Ndugu

SOMO LA MWEZI
Kusoma nyumbani: Yoshua 22:9-34 na Mathayo 18:15-17



Mwezi huu tujifunze juu ya ugomvi. Hatusemi ule ugomvi mkubwa wa majeshi uliotufukuza kwetu na kutuleta hapa Nakivale. Huo tunauombea kila Ijumaa. Tunasema ugomvi tunaoutengeneza wenyewe, kwa kinywa bombani na kwa kidole kwenye simu. Somo hili tulianza kuliandika mara mbili tukaliacha, maana sisi tunaofundisha tunalo deni ndani yake. Deni lenyewe mtaliona mkiendelea kusoma.

Tafadhali fungueni Biblia zenu katika kitabu cha Yoshua sura ya 22. Asiye na Biblia asome pamoja na jirani yake.

HABARI ILIYOFIKA SHILO

Sura hii wengi tunairuka. Tunapenda kuta za Yeriko, tunapenda jua lililosimama, halafu tunakimbilia sura ya mwisho ambapo Yoshua anachagua kumtumikia Bwana yeye na nyumba yake. Hapa katikati pana habari ya ndugu waliokaribia kuuana kwa sababu ya jengo la mawe.

Kabila la Reubeni, kabila la Gadi na nusu ya kabila la Manase walikuwa wamepewa nchi yao upande wa mashariki wa Yordani tangu siku za Musa. Waliahidi kwamba watavuka mto na kupigana pamoja na ndugu zao mpaka nao wapate mahali pa kukaa, na ahadi hiyo waliitimiza. Yoshua akawabariki na kuwaaga. Wakiwa njiani kurudi, walipofika mtoni, wakajenga madhabahu kubwa ya kuonekana kutoka mbali. Habari ikafika upande wa pili. Mungu alikuwa ameagiza mahali pamoja pa kutolea sadaka, na hawa wamejenga pengine! Taifa lote likakusanyika Shilo, tayari kwa vita.

Hapo kuna jambo ambalo sisi tulilipita miaka mingi, hata tulipokuwa wanafunzi katika chuo cha Biblia. Tulizoea kuhubiri kwamba Israeli walisikia uongo. Someni tena. Habari haikuwa uongo. Madhabahu ilikuwepo kweli, kubwa kweli, mahali pale pale waliposema iko. Mtu angekuwa na simu angeipiga picha na picha ingekuwa ya haki. Kilichokosekana katika habari ile ni sababu, na sababu ilikuwa kwa waliojenga peke yao. Hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kuitoa.

Wazee wetu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii tunaiheshimu, lakini imewaponza wengi. Ndiyo, lipo. Lakini lipo kwa namna gani, na kwa nini lipo? Methali haijibu hayo.

DENI LETU

Mnakumbuka Mei 2025, Shirika la Chakula Duniani lilipotangaza kwamba fedha zimepungua, na kwamba wakimbizi karibu milioni 1 katika Uganda hawatapata tena msaada wa chakula. Nyumba zetu nyingi zilikuwa katika hesabu hiyo. Kanisa likakubaliana kwamba sadaka ya mavuno isiuzwe. Mahindi na maharagwe yawekwe stoo kwa ajili ya wajane, wazee, na watoto waliobaki bila wazazi. Tukamchagua shemasi mmoja atunze ufunguo. Jina lake hatulitaji, ingawa wengi mnamjua.

Mwezi wa Oktoba, saa tatu za usiku, picha ikaingia kwenye grupu la kanisa. Magunia sita mlangoni kwa shemasi, tochi ikiyamulika. Chini yake mtu ameandika maneno manne: "Chakula cha wajane hicho." Baada ya hapo simu haikupumzika. Sauti zikaanza kuingia. Mmoja akauliza mbona wajane wa upande wake hawajapata kitu tangu Agosti. Mwingine akataja kabila la shemasi. Wa tatu akafufua jambo la huko Kivu, jambo lililotokea shemasi akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni.

Na sisi je? Namba yake tulikuwa nayo. Nyumba yake tunaijua, tumekula kwake mara nyingi. Lakini tulikuwa tumechoka, tena tuliogopa watu wasije wakasema kwamba pasta anamficha mtu wake. Basi tukaandika pale pale, mbele ya watu zaidi ya 200, kwamba kanisa halitavumilia mwizi, na kwamba ufunguo urudishwe kukipambazuka. Jina hatukuandika, maana haikuhitajika. Chini yake tukaweka andiko juu ya Akani, yule aliyeficha vitu vya wakfu ndani ya hema yake. Watu wakatupongeza kwa vidole gumba vingi. Tukalala vizuri, tukidhani tumewatetea wajane.

Asubuhi tulikwenda kwake. Mvua ya jioni ile ilikuwa imeng'oa turubai la stoo upande mmoja. Shemasi na vijana wake wawili walibeba magunia gizani yasilowe, wakayaweka nyumbani kwake kwa sababu yeye ana mabati. Yote sita yalikuwepo, na kamba tulizofunga wenyewe hazijafunguliwa. Alitaka tuyahesabu. Tukasema haina haja, naye akasema, "Hapana, hesabuni." Mama wa nyumba alitupa kiti bila kutuangalia. Tulipomaliza kuhesabu, shemasi akasema neno moja tu:

"Pasta, namba yangu ulikuwa nayo."

Tuliomba radhi hapo hapo. Mchana tukaomba radhi kwenye grupu, na Jumapili mbele ya kanisa lote. Wengi walilia. Lakini picha ilikuwa imekwisha kuondoka. Dada yake aliyehamia Marekani aliiona kabla sisi hatujanywa chai ya asubuhi, na ndugu zake walioko Goma waliipata siku hiyo hiyo. Ufunguo aliurudisha, na tulipomwomba aushike tena alikataa kwa upole. Kijana wake mkubwa hajarudi kwaya mpaka leo tunapoandika.

NJIA YA KUTOKA SHILO

Sasa turudi Shilo tuone wenzetu walifanya nini na hasira yao, kwa maana na wao walikuwa nayo.

Kabla ya jeshi kuondoka walimtuma Finehasi mwana wa Eleazari kuhani, pamoja na wakuu 10, mmoja kwa kila kabila. Shilo iko milimani, kama kilomita 30 kaskazini ya Yerusalemu, na Yordani iko chini kabisa bondeni, na nchi ya Gileadi iko ng'ambo. Njia hiyo haimalizwi kwa nusu saa. Sisi tuliotembea kwa miguu kutoka kwetu tunajua njia inavyomfanyia mtu. Mwanzoni hasira inakimbia mbele yako. Baadaye miguu inauma, kiu inakuja, na unaanza kukumbuka kwamba huyu unayekwenda kumhukumu ndiye aliyelala kando yako siku za vita. Simu haina njia kama hiyo. Kidole kinafika kabla ya moyo kupoa.

Mwangalieni pia mtu waliyemtuma. Finehasi si yule mpole anayepatanisha watu kwa kucheka nao. Katika Hesabu 25 ndiye aliyeshika mkuki akamaliza uovu katika kambi. Mtu mwenye wivu mkubwa kwa ajili ya Mungu kuliko wote ndiye aliyetumwa kwenda kuuliza kwanza. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba kuuliza ni udhaifu, au kwamba anayetaka kusikia upande wa pili amekula rushwa. Maneno hayo tumeyasikia hapa.

Lakini someni kwa makini mistari ya 16 mpaka 20, mtaona kwamba hawakuanza vizuri. Hawakuuliza, walishtaki. Walitaja dhambi ya Peori, wakataja na Akani. Ndiyo, Akani yule yule tuliyemtumia sisi! Inaelekea mwenye hasira hamkosi Akani mfukoni.

Pamoja na hayo kuna mstari wa 19, nao ndio unatuvunja moyo kila tunapousoma. Wanawaambia wenzao kwamba, kama nchi yenu mnaiona si safi, vukeni mje huku mkae pamoja nasi. Maana yake tutawagawia ardhi yetu. Nchi waliyoipata kwa vita, wako tayari kuipunguza ili ndugu asipotee. Tujiulize sisi tunaotuma maneno makali "kwa upendo": katika maneno hayo tumetoa nini? Tungekuwa tayari kumwambia shemasi, kama una njaa njoo ule kwetu? Usiku ule wazo hilo halikutujia kabisa.

Na walioshtakiwa walijibu namna gani? Hawakurudisha tusi. Hawakusema, na ninyi mbona mlifanya hivi na vile. Walimtaja Mungu kwanza, kwamba yeye anajua. Halafu wakafungua hofu yao. Walisema, tuliogopa kwamba siku moja watoto wenu watawaambia watoto wetu kwamba Yordani ni mpaka, hamna fungu kwa Bwana. Ile madhabahu iliyoonekana kama uasi, ndani yake ilikuwa ni woga wa kusahauliwa. Hawakutaka kutolea sadaka juu yake, walitaka iwe ushahidi kwamba na wao ni wa nyumba hiyo.

Wapendwa, sisi wakimbizi tunaijua hofu hiyo kuliko wengi. Mara nyingi ukimfuata mtu aliyekuudhi utakuta chini ya jambo lake kuna kitu kama hicho. Kuna mama aliyegombana na kila mtu bombani kwa miezi miwili, anasogeza jerikani za wenzake, anatukana. Mama wa seli yake alipokwenda kumtembelea akakuta ana mgonjwa ndani asiyeweza kuachwa zaidi ya robo saa. Hakumwambia mtu kwa sababu aliona aibu. Leo jirani anamchotea maji.

Jambo la mwisho katika sura hiyo ndilo sisi huliacha kabisa. Mstari wa 32 unasema Finehasi na wakuu walirudi, wakawapelekea watu jibu. Ni wakati huo tu, waliposikia jibu, ndipo watu waliacha kuzungumza habari ya vita. Huku kwetu mashtaka yanasikika na watu 200, na maelezo yanasikika na watu watatu. Ukituma jambo baya la mtu na baadaye ukajua ukweli, safari yako haijaisha. Rudi Shilo. Peleka jibu kila mahali ulikopeleka mashtaka, hata kama ni kwa shemeji yako aliyeko Australia ambaye unaona haya kumwandikia.

JUU YA SIMU ZETU

Bwana Yesu katika Mathayo 18 ametupa utaratibu. Kwanza mwende ninyi wawili peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Hapo ndipo kanisa liambiwe. Grupu la simu linaanzia mwisho, linaambia kanisa kwanza. Tena si kanisa tu, ni kanisa na wapita njia.

Bombani watu wakishikana, yuko mama mtu mzima atakayeingia kati na kusema, jamani inatosha, watoto wanaona. Kwenye simu wote tunageuka mashabiki, na yule mama mtu mzima anasoma kimya akiogopa kutukanwa. Kwa hiyo kuanzia sasa viongozi wa grupu wamekubali kazi hiyo. Likiingia jambo la mtu, kiongozi ataandika tu kwamba mwenye jambo hili atafuatwa leo nyumbani kwake, na grupu litafungwa mpaka jibu lirudi. Asikasirike mtu.

Jueni pia alama ya mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp. Inaonyesha kwamba ujumbe huo umepita mikono mingi, mitano au zaidi, kabla ya kukufikia. Mwaka 2020 kampuni yenyewe iliweka kizuizi, ujumbe wa namna hiyo usitumwe zaidi ya sehemu moja kwa mara moja. Kama wenye biashara wameona hatari, sisi tulioitwa wapatanishi tunangoja nini? Kufuta pia hakutoshi. Unaweza kufuta kwa wote, lakini aliyekwisha kuituma mbele anayo, na wa kwake wanayo.

(Wengine mnakumbuka kwamba kuanzia Julai 2018 mpaka katikati ya 2021 tulilipa shilingi 200 za Uganda kwa siku ili kutumia mitandao hii. Tunawajua waliokosa shilingi 200 za chumvi lakini za kutukana walizipata.)

Juu ya sauti zinazotukana makabila tunasema kwa uzito. Usizitume mbele, hata kwa kusema "sikieni wanavyotusema". Anayetuma sumu ili kuonya ameituma sumu. Sisi wa Maziwa Makuu hatuhitaji kufundishwa kwamba neno linaua. Tarehe 3 Desemba 2003, kule Arusha, mahakama ya kimataifa juu ya Rwanda iliwahukumu watu watatu kwa kazi yao katika redio RTLM, katika gazeti la Kangura na katika siasa iliyochochea mauaji ya 1994. Silaha yao kubwa ilikuwa maneno, na wasikilizaji wao wengi walikuwa wabatizwa. Sauti ya namna hiyo ikikufikia, ihifadhi, uipeleke kwa polisi au kwa viongozi wa kijiji. Usiipe pumzi tena.

Lakini msitusikie vibaya. Si kila jambo ni madhabahu isiyoeleweka. Mama anayepigwa, msichana aliyebakwa, mtu anayetishiwa kuuawa, hao hatuwaambii waende wawili peke yao na yule anayewatesa. Mathayo 18 haikuandikwa kumziba mdomo aliyeumizwa. Waende polisi, waende ofisi ya ulinzi, nasi tutawasindikiza kwa miguu yetu, usiku au mchana. Tumesikia kwamba mahali pengine mzee wa kanisa alipatanisha kesi ya namna hiyo kwa mbuzi. Hapa kwetu hilo halitafanyika. Na mali ya kanisa ikiibwa kweli, kanisa litaambiwa, kwa hesabu na kwa mashahidi. Finehasi alikwenda na wakuu 10 kwa sababu alikuwa tayari kwa majibu yote mawili.

MASWALI YA SELI

Someni Yoshua 22 yote kwa sauti, mkigawana. Je, ni mstari gani ambao wakuu wale wangeweza kuacha kuusema, na mambo yangekwenda namna gani?

Yuko mtu ambaye jambo lake ulilisikia, ukalipeleka mbele, na mpaka leo hujawahi kumuuliza yeye mwenyewe? Usimtaje katika seli. Nenda kwake kabla ya Jumapili. Kama anakaa mbali, Rubondo au Juru, na huna nauli ya boda boda, mwambie kiongozi wa seli, kanisa limetenga fedha kidogo kwa safari hizo.

Stoo imewekewa mabati mwezi uliopita kwa mchango wenu, tunashukuru sana. Ufunguo sasa unashikwa na akina mama watatu kwa pamoja. Shemasi wetu alikuja mwenyewe siku ya kupigilia misumari. Alileta nyundo yake, akafanya kazi mpaka jua lilipozama, akaenda nyumbani. Tulitembea naye hadi njia panda. Tuliongea habari za mvua.